Hatua Mia na Ishirini kwa Ishirini

Shule ya Sekondari Mwamisolo
4 Agosti 2024

Bibi yangu Dorotea,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya simu. Huku mtandao haupo mpaka utembee kilomita nne upande juu ya kichuguu, na hata hapo unaongea nusu ya neno unakatika. Barua nampa Arcade, yule wa lori la mahindi. Ataishusha kwako Makanyagio kila akija mjini, na ukijibu mpe yeye.

Bibi, nimehamishwa. Waliniita Ijumaa, Jumatatu nikawa juu ya gari na godoro langu. Shule ni mpya, rangi bado inanuka. Kijiji kinaitwa Mwamisolo. Wengi ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na Wakonongo wachache kama sisi. Chini kuna mbuga ya mpunga, majaruba yamepangana mpaka kwenye bwawa la viboko. Ni pazuri, ungepapenda.

Mwalimu wa hisabati ni mimi peke yangu. Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa mwisho wa Oktoba, na tumekwama kwenye kitu kinaitwa tofauti ya miraba miwili. Unachukua mraba mkubwa, unatoa mraba mdogo, kilichobaki unakivunja kuwa mabano mawili yanayozidishana. Kwenye bano moja unajumlisha, kwenye jingine unatoa. Kanuni wanaiimba kama kwaya. Nikiwapa namba, darasa linakufa. Nikiandika saba kwa saba, toa tano kwa tano, wao wanatoa tano kwenye saba, wanapata mbili, mbili kwa mbili nne. Wanapiga mstari, wanakunja mikono. Jibu ni ishirini na nne, Bibi. Saba na tano kumi na mbili, saba kasoro tano mbili, kumi na mbili mara mbili.

Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa hizo ishirini zilizopotea anakula nani?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Nimepata wazo. Hapa kila mtu anajua ekari ni hatua sabini kwa sabini. Nitawatoa nje wakapime majaruba ya wazazi wao kwa miguu. Labda miguu itaelewa kile ambacho vichwa vimekataa.

Nisalimie baba akija kutoka Majengo.

Mjukuu wako,
Imakulata

*

Makanyagio
11 Agosti 2024

Imakulata,

Marahaba. Umejaza karatasi nzima hujasema unakula nini. Unanieleza mabano, mimi nataka kujua mboga. Mimi ni mzima, magoti ndiyo hayataki. Yakisikia naenda kanisani yanauma, yakisikia naenda kwa mama Queen kupiga soga yanapona.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole. Unajua herufi mimi nilizipata kwa katekista, siyo darasani, kwa hiyo usiniandikie maneno yamebanana kama dagaa. Acha nafasi.

Sasa nisikilize. Watoto wafundishie karatasi. Wafundishie vijiti, mikeka, vigae, chochote. Majaruba ya watu waache. Shamba la mtu siyo ubao, ukifuta halifutiki. Wewe ni mgeni hapo, hata mwezi hujamaliza, unataka kutembea kwenye mipaka ya watu ukihesabu kwa sauti? Nani kakutuma?

Na jambo jingine. Wakikuuliza wewe wa nani, sema wa Gervas, wa Majengo, fundi baiskeli. Basi. Wakiuliza bibi yako, sema nilishazeeka sikumbuki kitu. Usinitaje jina. Usiniulize kwa nini. Nimekulea tangu una miaka mitano, nimekupiga mara mbili tu na zote mbili ulistahili. Sijawahi kukuomba neno bila sababu.

Nakutumia karanga nilizokaanga na sabuni ya mche. Kula karanga, usigawe zote kwa hao walimu wenzako walafi.

Bibi yako

*

Makanyagio
11 Agosti 2024

Mtani wangu Ndaki,

Bado hujafa? Nilidhani mpaka sasa ng'ombe wako wamekulalia. Ni mimi, Mama Lyamba, mnyonge wako wa Kikonongo. Miaka ishirini na moja sijakanyaga Mwamisolo tangu nimzike mwanangu hapo, na jina lake halijasemwa ndani ya nyumba yangu tangu siku ile. Hata wajukuu hawalijui. Leo nimeliandika kwa sababu ndilo jina mnalonijua nalo.

Unakumbuka mwaka ule mlipofika na mifugo, mkasema mnataka mpimiwe mpunga na mwenyeji asiye na ng'ombe, asiye na upande? Mkanichagua mimi kwa sababu hatua zangu zilikuwa sawa, ya kwanza na ya mia. Wewe ulibeba vigingi. Palipokuwa na nafasi nikapiga sabini kwa sabini. Mbuga ilipobanwa na korongo nikapunguza upana, na kila nilichopunguza huku nikakiongeza kule kwenye urefu. Nikimaliza nazunguka shamba lote, nahesabu kwa punje kwenye pindo la kanga. Kila shamba, hatua mia mbili na themanini kulizunguka. Sawa kwa wote. Hakuna aliyelalamika.

Ndaki, mwalimu mpya wa hesabu hapo ni mjukuu wangu. Hajui kama niliwahi kuishi hapo. Kaniandikia habari ya kumi na mbili mara mbili, na hiyo kumi na mbili ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana Makoye nilimpa mia na ishirini kwa ishirini. Nikachukua karanga, kila punje hatua kumi. Nikapanga saba kwenda, saba kushuka. Arobaini na tisa. Nikapanga kumi na mbili kwenda, mbili kushuka. Ishirini na nne. Nimepanga mara tatu, mara ya tatu nikamwita jirani anihesabie.

Nilimpa Makoye nusu, mtani. Hata nusu haifiki.

Niambie Makoye anaendeleaje. Niambie ukweli, usinifiche kwa utani. Na huyo mtoto mwangalie kwa mbali.

Dorotea, Mama Lyamba

*

Mwamisolo
25 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Karanga zilifika, nimegawa nusu, nisamehe. Nakula ugali na mlenda, na jana nilipata kambale.

Nimekusikia, nikaanza na karatasi. Lakini Bibi, hiyo karatasi ndiyo imetupeleka kwenye majaruba, wala siyo mimi.

Ilikuwa hivi. Kila mmoja alikata mraba wa vyumba saba kwa saba kutoka daftari la hesabu. Nikawaambia wakate kwenye pembe mraba wa tano kwa tano, wauweke pembeni. Kinabaki kitu chenye umbo la kiwiko. Nikawaambia, kiwiko hicho kikateni vipande viwili. Kimoja kina urefu wa saba na upana wa mbili, kingine urefu wa tano na upana wa mbili. Viunganisheni kichwa kwa mkia. Mikasi tu inalia. Ikatokea karatasi ndefu nyembamba, kumi na mbili kwa mbili. Nikauliza, saba na tano zimekwenda wapi? Wakajibu, kwenye urefu. Saba kasoro tano? Kwenye upana! Kwa mara ya kwanza niliona macho yao yamewaka. Mwalimu anaishi kwa siku kama ile.

Msichana mmoja, Dina, anayekaa nyuma na hajawahi kunyoosha kidole, akasimama na karatasi yake ndefu mkononi. Akasema, "Mwalimu, hili ndilo jaruba letu."

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema la kwao ni mia na ishirini kwa ishirini, na watu wote wanajua ni ekari moja sawa na za wengine. Kisha akaokota ule mraba wa tano kwa tano kutoka chini, akauangalia. "Na hiki je, kiko wapi?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Walikwenda wenyewe Jumamosi, Bibi. Sikuwatuma, ila nilipowaona sikuwazuia, na nilitembea nao. Tumekuta majaruba kumi na moja yaliyovutwa. La mia kwa arobaini limepoteza hatua mia tisa. La Makoye, baba yake Dina, limepoteza elfu mbili na mia tano. Kinachopotea kila mara ni mraba wa kile ulichohamisha. Kanuni ile ile ya ubaoni, imelala kwenye tope miaka yote.

Mzee Makoye alisimama kwenye tuta akatuangalia. Tulipomaliza alinifuata nyuma mpaka njia panda.

Imakulata

*

Mwamisolo
1 Septemba 2024

Mama Lyamba,

Sijafa. Nakusubiri nikuzike mimi, ndiyo kazi ya mtani.

Umeuliza Makoye, nakujibu. Miaka yote hii sisi tukipata magunia ishirini yeye anapata tisa, kumi. Tukamwita mvivu. Mchango wa kijiji kila ekari ni sawa, yeye hatimizi. Sungusungu wakamtoza ng'ombe, mwaka mwingine ng'ombe tena, mwisho zizi likabaki mlango. Mwaka wa tisa walimchapa mbele ya watu kwa uvivu. Mimi nilikuwepo. Mkewe akarudi kwao, akasema hawezi kuzeeka na mwanaume anayelala shambani. Wakati Makoye alikuwa anaamka kabla ya jogoo.

Sasa kila siku anapima jaruba lake. Akimaliza anaanza upya. Hagombani na mtu. Anauliza swali moja tu: Mama Lyamba alihamia wapi?

Nimesema sijui. Wengine hawajui kweli.

Na upande mwingine kuna kamanda wa sungusungu, Stanslaus, na wenye sabini kwa sabini. Wao ndio wengi. Wanasema vigingi vikianza kusogea havitasimama. Wanataka mwalimu anyamaze. Kwa hiyo mtoto wako yuko katikati, na pande zote mbili zinamwangalia. Hawajajua ni wa kwako. Mimi nimejua siku ya kwanza nilipomwona anatembea.

Ndaki

*

Makanyagio
5 Septemba 2024

Imakulata,

Ukipata barua hii panda lori la Arcade uje. Sema unaumwa. Sema bibi yako anaumwa. Sema nimekufa kama ndiyo itakayowafanya wakuruhusu, nitakuja kufufuka baadaye.

Acha nguo. Acha sufuria. Nguo zinanunuliwa.

Nimemwambia Arcade asiondoke bila wewe. Mtu mzima akikuambia ondoka, ondoka, swali utaniulizia hapa jikoni.

Bibi yako

*

Mwamisolo
22 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Arcade nilimrudisha peke yake. Usimgombeze, alijaribu hata kunibebea godoro.

Siwezi kuondoka wiki tano kabla ya mtihani. Na nikiondoka sasa watasema mwalimu amekimbia uongo wake.

Nieleze yote, maana nikikuficha utasikia kwa wengine. Wamenitenga. Jumatatu ya wiki iliyopita sungusungu walikaa, na tangu hapo hakuna anayenisalimia. Nikipita, mazungumzo yanakatika kama kamba. Kisimani naachiwa nafasi, wote wanarudi nyuma na ndoo zao mpaka nimalize. Dukani nyanya zipo mbele yangu, muuzaji anasema zimekwisha. Anayenipa moto wa kuwashia naye atatengwa. Mwalimu mkuu ananiandikia vikaratasi badala ya kuongea. Darasani walikuwa arobaini na wawili. Jumatano walikuwa tisa. Juzi Ijumaa nimefundisha madawati, na Dina.

Kamanda Stanslaus alikuja na watu wanne. Alikuwa mpole, alivua hata kofia. Akasema, "Mwalimu, binti yangu, namba zako ni za ubaoni, wewe ziache ubaoni. Siku ya mkutano utasimama, utasema ulikosea hesabu, watoto watarudi, nyanya zitarudi. Ni neno dogo." Nikamwambia sabini kwa sabini toa hamsini kwa hamsini ni elfu mbili na mia nne hata nikisema vingine. Akavaa kofia yake. "Basi utakaa nazo hizo namba," akasema. "Zitakupikia."

Nilikasirika Bibi, nikasema mbele yao wote kwamba mwizi siyo mimi, mwizi ni huyo mwanamke aliyepima. Kwamba alikula ardhi ya maskini akaenda zake mjini kulala vizuri, na nikimpata nitamshika mkono nimlete mwenyewe. Wanamwita Mama Lyamba. Hujawahi kumsikia? Wewe si uliishi mashamba ya huku zamani?

Mzee Makoye anakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba yangu kuanzia asubuhi mpaka jua likizama. Yeye peke yake alinisemesha, mara moja tu. Aliniuliza, "Mwalimu, nani alikufundisha kutembea hivyo? Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kisigino kinatua hakiburuti." Nilifurahi mtu kuongea na mimi. Nikamwambia ni bibi yangu wa Makanyagio.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Marahaba," wakati sikuwa nimemwamkia.

Imakulata

*

Makanyagio
26 Septemba 2024

Imakulata, mama yangu mdogo,

Kaa chini ndio usome.

Lyamba alikuwa mwanangu wa kwanza. Kaka yake baba yako. Alikufa Mwamisolo kwa homa, mvua imefunga njia, nimembeba mgongoni kijana wa miaka kumi na minane nikitafuta gari. Nilirudi naye amenyamaza. Nikazika, nikaja mjini, nikakuchukua wewe, nikafunga mdomo.

Mama Lyamba ni mimi.

Niliyepima ni mimi. Sikuiba. Sikupewa hata debe la mpunga. Nilihesabu mzunguko, nikaona sawa, nikalala usingizi. Hakuna aliyenifundisha kwamba mzunguko unaweza kuwa sawa na tumbo la shamba likawa tofauti. Lakini Makoye alichapwa kwa hatua zangu. Mke wake aliondoka kwa hatua zangu. Kutojua kwangu hakujamrudishia hata ng'ombe mmoja, kwa hiyo sikuletei kutojua kama dawa.

Uliponiita mwizi nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukuchapa. Mara ya pili nikaona umesema kama nilivyokulea, mbele ya wanaume watano, peke yako, bila hata moto wa kupikia. Nikalia nikacheka. Wewe ni mtu, Imakulata. Wengine ni nguo tu zimesimama.

Makoye ameshajua. Marahaba ile aliniitikia mimi, hakukuitikia wewe.

Nakuja. Usibishane na mimi. Ndaki amenitumia neno kwamba mkutano ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Mpaka nifike, usilale peke yako, mwite mmoja wa hao walimu wenzako walafi hata kama anakoroma. Usile kitu ulichokikuta mlangoni. Na usitembee hivyo tena. Buruta miguu kama watu wengine.

Dorotea

*

Mwamisolo
3 Oktoba 2024

Bibi,

Nimeisoma nimesimama, nimeshindwa kukaa.

Usije. Tafadhali. Nimewaza siku tatu. Jumamosi hiyo nitasimama niseme nilikosea. Nitasema namba za kitabuni haziingii kwenye tope. Watafurahi, watoto watafanya mtihani, na hakuna atakayekutafuta tena, maana kama hesabu ni ya uongo basi hakuna aliyeibiwa.

Dina atakuwa ananiangalia. Jana alinionyesha daftari lake, ameandika tofauti za miraba hamsini, zote sahihi, moja chini ya nyingine mpaka gamba la nyuma. Nitamwangalia machoni niseme ni uongo. Naweza. Kwa ajili yako naweza.

Baba yake hakai tena kwenye jiwe. Sijui yuko wapi. Nilizoea kumwona, sasa ndio naogopa.

Kaa nyumbani, Bibi. Nakuomba.

Imakulata

*

Kwa Ndaki, Mwamisolo
20 Oktoba 2024

Imakulata,

Najua siku ile ya mkutano walikuweka ofisini kwa mwalimu mkuu, vijana wawili mlangoni, hukusikia kitu. Na wamekukataza kuja nilipo, na mimi wamenikataza kuja ulipo. Kwa hiyo nakuandikia, Ndaki ataileta ndani ya mfuko wa unga. Tuko kilomita mbili, tunaandikiana kama mmoja yuko Dodoma.

Barua yako ya kusema uongo ilinikuta nimeshafunga kanga kiunoni. Nilikuja na Arcade Ijumaa, juu ya magunia matupu. Nilitaka nifike kabla hujafungua mdomo.

Walikuwa watu kama mia tatu, wamekaa nyasini. Stanslaus alisimama kusema kwamba mwalimu ataitwa, atasahihisha kosa lake. Nikapita katikati yao na mkono wangu nyuma ya mgongo, nikitembea kama ninavyotembea. Wazee walianza kunong'ona kabla sijafika mbele. Nikasema, mimi ndiye Mama Lyamba, mwalimu hajakosea, mjukuu wangu hajakosea hata hatua moja, aliyekosea ni mimi. Nikamwaga karanga kwenye kanga. Nikapanga saba kwa saba. Nikapanga kumi na mbili kwa mbili. Nikamwita kamanda ahesabu mwenyewe. Alihesabu kwa mdomo, kisha akahesabu kwa kidole, kisha akaacha.

Makoye alikuwa amekaa mwisho kabisa. Wakamuuliza anataka nini. Akasema, "Nataka mraba wangu."

Wakazozana mpaka jua likawa utosini. Kumi na mmoja waliopunjwa wanataka vigingi visogee. Wenye sabini kwa sabini hawataki hata kusikia. Ungetarajia wampe Makoye kipande kwa jirani, lakini hawakumpa. Stanslaus ni mjanja, alisimama mwishoni akasema kosa lina mwenyewe na mwenyewe amekuja kwa miguu yake, kwa nini tuwasumbue wasio na kosa? Watu wakapiga makofi. Hata wengine wa wale kumi na mmoja walipiga, maana walishachoka na wana njaa.

Hukumu ni hii. Mipaka haiguswi. Wewe kuanzia kesho Jumatatu umefunguliwa, utasalimiwa, utauziwa, watoto wanarudi darasani. Mimi natakiwa nitengeneze kile kilichopotea. Hamsini kwa hamsini. Wamenionyesha mahali: ni ile ardhi ya chini inayogusa bwawa, ambayo haina mwenyewe. Nifyeke, nilime, nipige matuta, nipande, nimkabidhi Makoye mraba wake ukiwa na mpunga umesimama. Wale kumi wengine watafuata wakiona wa kwanza umefanikiwa. Mpaka hapo siondoki Mwamisolo. Na anayenisaidia kulima atatengwa. Ndaki ananipa pa kulala na chakula tu, hata hilo walilibishania.

Usianze kulia juu ya daftari za watoto. Nina miaka sabini na tatu, nimelima tangu nina sita, mkono wangu unajua jembe kuliko kijiko. Nimemaliza hatua kumi na mbili. Udongo ni mzuri sana, mweusi. Nilishangaa kwa nini haukuwa na mtu, mpaka nilipoona nyayo. Kila unyayo ni kama sinia. Njia ya viboko inapita katikati ya mraba wangu, imechimbika kama mfereji, wanapanda kula na kurudi majini. Bwawa limepungua kwa kiangazi, wamebanana humo, wana hasira.

Makoye anakuja kila asubuhi. Anasimama upande wa juu na fimbo yake. Hanisalimii, hanitukani. Jana asubuhi jua lilikuwa limeshapanda, nilikuwa nimeinama nang'oa kisiki, maji nimeyapa mgongo. Kiboko mmoja, jike mwenye mtoto, alitoka. Alifika mpaka kigingi cha tatu. Sikumsikia, tope linameza kishindo. Makoye alikuwa amesimama anamtazama. Alimwona kabla yangu, alikuwa na muda wa kupiga kelele mara kumi. Hakupiga. Alisubiri nigeuke mwenyewe.

Nikageuka. Nikasimama wima, sikukimbia. Tulitazamana yule mama na mimi, kisha akazungusha mtoto wake akarudi. Nilipomtazama Makoye, alikuwa ameshaangalia pembeni, anahesabu jambo kwa vidole.

Kesho ingia darasani. Wape namba ngumu. Huyo Dina mkalishe mbele. Na usije huku, hata ukisikia watu wanakimbilia bwawani, usije, maliza kipindi kwanza.

Bibi yako,
Dorotea